Usipokee Funguo za Kigari cha Dawa Kabla Hujahesabu

Nina miaka tisa kwenye makao ya wazee hapa Marekani: mitatu ya kwanza nikiogesha na kulisha, sita iliyofuata nikiwa nesi wa LPN, yaani nesi mwenye leseni wa ngazi ya chini ya nesi aliyesajiliwa. Wenzetu kutoka nyumbani wakishapata leseni hunitafuta. "Dada, Jumatatu naanza na kigari cha dawa, nisome nini?" Wengi wanahofia majina ya dawa. Hayo utayazoea ndani ya miezi miwili. Mimi huwauliza swali jingine: nani atakukabidhi funguo, na mtahesabu vipi?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Saa moja asubuhi, theluji imejaa nje, dada niliyekuwa nampokea zamu alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo na mtoto wake anasubiri kupelekwa shule. "Hesabu iko sawa mdogo wangu, saini tu hapo." Ni mtu ambaye sikukuu tunakula sinia moja. Nikasaini, funguo nikatia mfukoni. Saa tatu mzee mmoja akaomba oksikodoni, dawa kali inayodhibitiwa, ya maumivu ya nyonga. Nafungua daftari la hesabu: 17. Nashika kadi, ile karatasi ngumu yenye vidonge kwenye vitundu: 16. Nikahesabu tena kwa kidole, tundu kwa tundu. 16.

Mkuu wa wauguzi akaitwa, nikaandika maelezo, nikapimwa mkojo, kigari akapewa mwingine. Saa sita hivi mwenzangu akaamshwa kwa simu: kidonge alikitoa alfajiri, akakiingiza kwenye kompyuta, daftari akalisahau. Siku hizi tunalicheka. Siku ile niliiona leseni yangu inaota mbawa, maana saini yangu ilidai nimekuta vidonge 17 ambavyo sikuviona. Nani angetaka kusikia habari za theluji na mtoto wa shule?

Kanuni za serikali kuu, kwa makao yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid (bima za afya za serikali), zinataka dawa za kundi la pili, zile halali zinazodhibitiwa vikali kuliko zote, kama morfini, oksikodoni na fentanili zikae mahali penye kufuli lake peke yake, pasipobebeka, na kumbukumbu zake zilinganishwe na dawa zilizopo. Kwa nesi hiyo maana yake ni watu wawili kila zamu, mmoja anasoma daftari, mwingine anashika kadi. Anayeshika kadi awe wewe unayeingia. Usiishie kusoma namba. Igeuze kadi uangalie mgongo wake: ukiona karatasi yake inayong'aa imebandikwa utepe, uliza, kwa sababu wapo wanaotoboa, wanachomoa kidonge na kurudishia kingine kinachofanana nacho. Morfini ya maji iweke juu ya meza, uiname mpaka jicho lilingane na mstari. Kiraka cha fentanili kilichobanduliwa mgongoni kwa mzee bado kina dawa ya kutosha kumdhuru mtu, basi kikunje gundi kwa gundi, mwite shahidi, msaini wote wawili.

Kuna wakaguzi wa jimbo nao. Hawapigi hodi. Mmoja atasimama nyuma yako na karatasi yake akufuate chumba hadi chumba, na kigezo ni kwamba makosa yasifikie asilimia 5. Wanaangalia angalau dawa 25. Piga hesabu: kosa 1 kati ya 25 ni asilimia 4, mmepona, makosa 2 ni asilimia 8, makao yameandikiwa kosa. Na makosa yenyewe si ya ajabu. Umempa bibi levothairoksini, dawa ya tezi, pamoja na kalsiamu yake, wakati zinatakiwa kupishana saa nne. Umesaga kidonge kinachotoa dawa polepole ukakichanganya na rojo la tufaha kwa sababu mzee hamezi vizuri (hapo mpigie mfamasia, mara nyingi ipo ya maji). Kalamu ya insulini ya glargini imefunguliwa na hakuna aliyeandika tarehe, na nyingi za aina hiyo mwisho wake ni siku 28. Nunua kalamu yako ya wino mzito ya kuandikia tarehe. Naongea kwa uzoefu, za kazini huwa hazionekani siku ya ukaguzi.

Mfamasia ndiye mtu ambaye wageni wengi hawamjui. Nilikokulia Tanga, mwenye duka la dawa unamwona uso kwa uso, anakupa kibahasha kimeandikwa 1×3 na anakukumbusha ule kwanza. Hapa dawa zinaletwa usiku na dereva, na mfamasia mwenyewe unaweza kumaliza mwaka hujamsalimia. Lakini kanuni inamtaka apitie dawa za kila mkazi angalau mara moja kwa mwezi, aandike kasoro anazoziona, na daktari ajibu kwa maandishi. Akikataa kubadilisha, aandike sababu. Karatasi hizo nilikuwa nazitupia kwenye faili bila kuzisoma.

Mpaka siku moja karatasi ikanitaja mimi, si kwa jina, bali kwa nilichofanya. Tulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ambaye kila jioni alipiga kelele na kurusha kijiko. Nilichoka. Nikampigia daktari, nikapata oda ya kwetiapini, dawa ya magonjwa ya akili, apewe inapohitajika. Mfamasia akaandika mistari mitatu: sababu ya dawa haijaelezwa, oda haina mwisho, je, maumivu yamechunguzwa? Hakuwa ananichokoza. Tangu Novemba 2017 oda ya namna hiyo ya dawa za magonjwa ya akili ina kikomo cha siku 14, na kwa dawa za aina ya kwetiapini kuirudia kunahitaji daktari amwone mgonjwa kwanza. Na tangu 2005 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imeonya kwamba dawa za aina hiyo zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Sheria ya 1987 iliyorekebisha makao haya ilitungwa sehemu kubwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wanafungwa kamba au kuleweshwa dawa ili watulie, na mimi nilikuwa nimekaribia kufanya hilo la pili kwa nia njema kabisa. Tulipomfungua kinywa tukakuta jino limeoza. Kwa nini alikuwa anarusha kijiko na si kikombe, sikuwahi kujiuliza. Asetaminofeni (panadoli) ya kupangiwa saa na daktari wa meno vilimtuliza, kwetiapini ikafutwa.

Kwa hiyo soma karatasi za mfamasia, na kama mzazi wako ndiye anayeishi humo, ziulizie. Muulize nesi: baba anapewa dawa gani mpya, kwa sababu ipi, na mfamasia alisema nini mwezi huu? Mna haki ya kuelezwa faida na madhara kabla dawa haijaanza, na haki ya kuikataa.

Ila na nyie msituletee dawa kwa mlango wa nyuma. Binti mmoja wa Kikenya alimwachia mama yake kopo la unga wa mlonge kwenye droo ya kitanda, nikalikuta wakati natafuta miwani. Alinuna sana nilipolichukua. Nikamweleza kwamba hata unga wa majani unahitaji oda humu ndani, nikapiga simu, na kesho yake mfamasia akajibu hapana: mama yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani inaivuruga. Kopo likarudi na binti. Mama akasema basi aletewe mandazi, na kwa kuwa sukari yake ni nzuri, hayo hatukumpigia mtu simu.