Ukiambiwa "mtoto amelala", usiondoke

Kuna dada mmoja mtaani kwetu hapa Kisauni, Mombasa, ameitwa kujitolea kwa kampeni ya matone ya polio, sasa juzi akanijia anauliza, je wale wakali, wale wa kukufungia mlango usoni, unawafanyaje? Nkamwambia mwanangu, hao hata hawanipi presha. Mtu akikukatalia unamjua, unaandika nyumba yake, kesho unarudi na mzee wa mtaa ama imamu mnaongea. Mtoto atakayekuponyoka ni wa yule mama mpole, yule anakuitikia hodi vizuri, anakukaribisha maji, alafu anakwambia "huyu mwengine amelala, pitieni siku nyengine."

Mimi lilinipata mwaka wangu wa kwanza. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, kila chumba na mpangaji wake. Jua lilikuwa kali na kile kiboksi cha chanjo kinanikata bega, nkapiga hodi mlango wa mbele, mama mmoja akanitolea wanawe wawili, nkawatia matone mawili mawili, nkawapaka wino ukucha wa kidole kidogo mkono wa kushoto, nkaandika 2 kwa chaki pale mlangoni tukaenda zetu. Kesho yake supavaisa akapita kukagua, yeye hakuishia mlangoni, aliingia mpaka uani. Akakuta watoto watano hawana wino. Watano! Wawili walikuwa chuoni, madrasa, wakati napita, mmoja alikuwa ametumwa dukani, mmoja amelala, na mmoja mchanga wa siku tisa ambaye mamake alimficha ndani, na hata angenionyesha sijui kama ningemtia matone manake kichwani mwangu nlishaamua mchanga si wa kampeni. Kumbe ni wote walio chini ya miaka mitano, hata aliyezaliwa jana.

Kwa hivo usiulize "kuna watoto?" Mtu akiulizwa hivo anajibu wa kwake tu. Uliza humu ndani jana wamelala watoto wangapi, alafu chumba kwa chumba, na uliza majina, manake mtu akianza kutaja majina ndio anakumbuka "aah na huyu wa dadangu alokuja na basi juzi." Uliza mtoto wa dada wa kazi. Uliza mchanga. Na aliyelala anaamshwa, utalaumiwa kidogo, si kitu.

Sasa utasema mtoto mmoja tu ndo kelele zote hizi. Polio ni jambazi la kimya. Kati ya watu kama 200 wanaoambukizwa, ni mmoja tu ndiye anapooza, hao wengine wanacheza mpira kama kawaida na kirusi kinatoka kwa choo kinaingia kwa maji na mikono ya watu. Mwaka 2018 kilipatikana kwenye maji taka Kamukunji, Nairobi, na hakuna mtoto aliyekuwa ameonekana kupooza. Na kile kilikuwa ni cha aina inayotokana na chanjo yenyewe ya matone, manake matone yana kirusi kilichodhoofishwa, kikizunguka muda mrefu kwa watoto wasiochanjwa kinaweza kubadilika kikapata nguvu. Mtu akikuuliza hili usimdanganye hata kidogo, mwambie ni kweli, na mwambie kinapata njia pale ambapo watoto wengi wamerukwa. Ukimficha na akaja kusoma kwa simu yake, hiyo nyumba umeipoteza na ya jirani pia.

Maneno ya kwamba chanjo inafunga uzazi utayasikia tu, hasa kwa nyanya, na nyanya ndiye mwenye nyumba hata kama kodi analipa kijana. Mamkie kwanza, kaa barazani, usimrushie karatasi. Mimi huwapa ya Kano kule Nigeria, mwaka 2003 walisimamisha chanjo kwa maneno haya haya, polio ikasambaa mpaka nchi nyengine ambazo zilishaisahau, na 2004 wakakubali tena baada ya kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, kwa Waislamu wenzao. Nyanya wengi hapo huniangalia tu, alafu "haya mleteni mtoto."

Na kuna wale wa "kila siku polio polio, panadol hamtuletei." Hao wana haki bana, mimi sibishani nao. Nawaambia tu mwaka 1988 watoto 350,000 hivi walikuwa wanapooza kila mwaka duniani, saa hii polio ya asili, ile isiyotokana na chanjo, imebaki Pakistan na Afghanistan, Afrika tulitangazwa tumeimaliza Agosti 2020, alafu 2022 Malawi wakatangaza mtoto aliyepooza kwa kirusi chenye asili ya Pakistan. Na sisi hapa tuna bandari.

Kiboksi nacho, kisikae juani na kisifunguliwe funguliwe. Angalia kichupa, kuna kiduara cha zambarau chenye kimraba cheupe ndani, hicho cheupe kikigeuka rangi kikalingana na duara, hiyo chanjo imekufa, usimpe mtu. Mimi niliwahi kuacha kifuniko wazi nkinunua viazi karai, vichupa viwili vikaenda na aibu juu.

Ile nyumba nlirudi mwenyewe jioni baada ya Magharibi, watoto washatoka chuoni, harufu ya mbaazi uani. Wale wanne walipanga foleni wanasukumana nani atapakwa wino kwanza. Mchanga alikuwa kwa kanga, mamake akamfinya mashavu kidogo mdomo ukafunguka, tone la kwanza, la pili, akakunja uso kama amelamba ukwaju, watu wote wakacheka. Nlipotoka nkafuta ile 2 ya mlangoni kwa kiganja nkaandika 7.