Dakika tano za dalali: maswali ya wapangaji na majibu

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: kupanga mahali ambapo ukitaka mkate, dawa au daladala unakwenda kwa miguu. Mengi yametoka Dar es Salaam, na mifano yetu ni ya huko.

Dalali anasema chumba kiko "dakika tano tu" kutoka kituoni. Nitajuaje kama ni kweli?

Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni mita 400. Mpe mfuko wa mchele na jua la saa nane mchana, atashuka mpaka mita 60. Dakika za dalali kwa kawaida ni za bodaboda, ndiyo maana anakwambia "subiri hapo barabarani, nakuja kukuchukua". Mkatalie kwa upole. Shuka kwenye kituo utakachokuwa unashukia kila siku, washa saa ya simu ukikanyaga chini, na uizime ukishika kitasa cha chumba. Usiizime getini. Muda wa kuvuka barabara kuu nao uhesabu. Penye njia ya mwendokasi (mabasi ya haraka yenye njia yao) katikati, kuvuka peke yake kunaweza kula dakika mbili au tatu.

Kisha rudi saa mbili usiku, peke yako. Angalia taa zinazowaka na watu waliokaa nje. Genge lenye balbu, banda la chipsi na fundi cherehani ambaye hajafunga ni macho ya mtaa. Njia ya mita 200 iliyobanwa na kuta ndefu pande zote, bila dirisha wala fremu inayoitazama, utaipita kwa miguu wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo utakuwa unapanda boda kila ukichelewa.

Kuna chumba cha 90,000 ndani kabisa na kingine cha 130,000 karibu na kituo. Kipi nafuu?

Tuseme boda ni 1,000 kwa safari. Kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, ni 52,000. Chumba cha 90,000 kimeshakuwa cha 142,000. Kama asubuhi unatembea na boda ni ya jioni tu, ni 116,000, na hapo cha mbali bado kinashinda. Jibu linategemea ukweli wako mwenyewe. Huko unakoishi sasa, andika kwa wiki mbili kila shilingi unayompa bodaboda, na zile za Jumapili na za siku ya mvua zikiwemo. Halafu kuna mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake. Huo hakuna anayeubeba kichwani kilomita moja.

Ila kinachowapeleka wengi mbali si hesabu ya mwezi, ni ya siku ya kuingia. Kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali ni miezi saba: 910,000 kwa chumba cha karibu, 630,000 kwa cha mbali. Tofauti ni 280,000 mkononi leo, wakati hela ya boda inatoka kidogo kidogo na haiumi. Kwa hiyo bishania muda kabla ya kubishania bei. Chumba kilichokaa wazi mwezi mzima, mwenye nyumba wake mara nyingi hukubali miezi mitatu. Muulize jirani, usimuulize dalali, kimekaa wazi tangu lini.

Ni mitaa gani ya Dar inafaa kwa mtu asiye na gari?

Sinza na Kijitonyama zinapendwa kwa sababu inayoonekana ukisimama kwenye kona. Zilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja vyenye huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, viwanja vidogo, barabara nyingi fupi zinazokutana. Njia moja ikijaa maji, unapita ya pili. Viwanja vidogo maana yake watu wengi katika eneo dogo, na watu wengi ndio wanaolisha duka la dawa, saluni na mama ntilie kila baada ya nyumba chache. Magomeni na Ilala zina sifa hiyo hiyo. Kariakoo inazishinda zote kwa ukaribu wa kila kitu, ila nyumba zake nyingi za Kiswahili zimegeuka maghorofa na chumba kimoja cha bei ya kawaida ni cha kutafuta kwa tochi.

Manzese watu huidharau bila kuitembelea. Haikupimwa, lakini iko kandokando ya Barabara ya Morogoro na kila kitu kiko mlangoni. Udhaifu wake ni vichochoro vyembamba na mifereji. Kimara nayo ina mwendokasi, lakini ina vilima. Mita 800 za kupanda mlima ukitoka kazini si mita 800 za Sinza.

Mwanangu wa darasa la pili atatembea kwenda shule. Niangalie nini kabla ya kulipa?

Mama, anza na pale atakapovuka. Barabara ya upana wa mita 14, kwa mwendo wa mtoto wa mita moja kwa sekunde, anaivuka kwa sekunde 14. Gari la kilomita 50 kwa saa linakimbia karibu mita 200 katika muda huo. Simama pale pale, uchuchumae ufikie kimo chake, uone kama macho yanafika mita 200 kila upande. Ukisimama wima utadanganyika, kwa sababu magari yaliyoegeshwa na meza za wachuuzi zinamziba yeye, hazikuzibi wewe. Hatari kubwa zaidi ni daladala iliyosimama: mtoto anapita mbele yake, bodaboda anaipita kwa pembeni, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mfundishe avuke baada ya daladala kuondoka. Kama njia ya shule inavuka barabara kuu pasipo kivuko chenye taa au daraja la waenda kwa miguu, tafuta chumba upande ule wa shule, hata kikiwa kidogo zaidi.

Nimeona chumba kizuri wakati wa kiangazi. Nitajuaje kama njia hupitika masika?

Ukuta unasema. Tafuta mstari wa rangi ya chai kwenye kuta za nje, au rangi mpya iliyopakwa nusu mita ya chini tu. Angalia soketi zilizowekwa juu kupita kawaida, matofali mawili yaliyojengewa mlangoni kama kizingiti, viroba vya mchanga nyuma ya nyumba. Kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Vikiwa vitatu, ondoka. Halafu fuata mfereji mpaka unakoishia: ukiishia kwenye takataka, maji yatageukia njiani. Nyumba za karibu na bonde la Msimbazi zichunguze mara mbili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia Mabwepande wakazi wa mabondeni, na barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde hilo, imekuwa ikifungwa mvua ikizidi. Chumba chako kinaweza kubaki kikavu na bado ukashindwa kufika kazini.

Nina nyumba ya vyumba sita. Kituo kiko karibu lakini wapangaji hawakai. Nirekebishe nini bila kutumia pesa nyingi?

Mzee, anza na taa ya nje. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku hula uniti 3.24 kwa mwezi. Hata uniti moja ingekuwa shilingi 360, haifiki 1,200. Iunge kwenye LUKU yako (mita ya umeme wa kulipia kabla), usiiunge ya mpangaji, la sivyo itazimwa wiki ya pili na ugomvi utaanza.

Cha pili ni mfereji ulio wazi mbele ya mlango. Kwa mfereji wa upana wa sentimita 50, mimina mifuniko ya zege yenye urefu wa sentimita 70, upana 40 na unene 8. Mmoja utakuwa na kilo hamsini na kitu, watu wawili wanaunyanyua wakati wa kuzibua. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nondo za milimita 8 zipite kwa urefu, kila sentimita 12, na ziinuliwe sentimita 2 tu kutoka chini. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Wanaziweka juu, wakati mtu akikanyaga ni upande wa chini unaovutika na kupasuka. Acha matundu mawili ya kuingiza ndoano, umwagilie siku saba kabla ya kuutumia. Mfuniko huo unabeba watu na bodaboda. Gari hapana, kwa hiyo simika nguzo fupi pembeni.

Na ukimaliza usipandishe kodi mwezi huo huo.

Mtaa wenye kila kitu si una kelele?

Unazo. Chagua nyumba ya mstari wa pili kutoka barabarani, na chumba cha upande wa uani. Nenda Jumamosi saa nne usiku usimame ndani ya chumba, mlango umefungwa. Ukisikia maneno ya wimbo kutoka baa, usichukue. Ukisikia mdundo tu kwa mbali, utazoea.