Kabla ya Kukata, Pawe na Shauri

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutafsiri hapa Amu, kuna neno la Kiingereza nataka mlishike mapema: decisive, sifa ya mtu asiyesita kuamua. Mtakutana nalo katika barua za kuombea kazi, ripoti za uvuvi, hata mahakamani.

Mimi liliniponza. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri barua ya kumsifu kijana aliyetaka unahodha, nikaandika kuwa ni "mkali wa maamuzi". Wazee waliosomewa barua ile walimwona mtu wa hamaki. Nani atamkabidhi mtu wa hamaki chombo na roho za watu? Kazi akaikosa, na kosa ni langu. Hadi leo linaniuma.

Asili ya neno decisive ni kitenzi cha Kilatini, decidere, kilichoungwa kwa de, yaani kuondoa, na caedere, kukata. Mwenye sifa hiyo ni mtu aliyekwisha kukata. Nilipolijua hilo nilisisimka, kwa kuwa nasi husema kukata shauri, na ushahidi ukimaliza ubishi twasema umekata mzizi wa fitina. Nendeni Matondoni mkawatazame mafundi wa majahazi: ubao ukishapita msumeno haurudi ulivyokuwa. Lakini kabla ya msumeno fundi hupima, akapima tena, akamuuliza mwenzake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoongeza kitu. Shauri limetoka katika Kiarabu, shina moja na shura, nalo ni mazungumzo ya kutakana rai. Kilatini kina kisu tu. Sisi tuna watu walioketi kwanza, kisha kisu.

Msikimbilie "thabiti". Thabiti ni asiyeyumba, na mtu aweza kuwa thabiti katika jambo lililoamuliwa na wengine. "Imara" naona yafaa zaidi nguzo na ukuta. Kuamua nako ni pamoja na kuwatenganisha wanaogombana, ndiyo maana mpira una mwamuzi. Kwa hakimu kitenzi hicho chafaa sana.

Wala msihangaike kutafuta kivumishi kwa sababu tu Kiingereza kimetumia kivumishi. Kitenzi chetu hubeba mzigo huo vizuri zaidi. Barua ya yule kijana ingenirudia leo, ningeandika: "Husikiliza, kisha hukata shauri, na akishalikata harudi nyuma."