Mnaoniuliza nanyooshaje draiva, jibu lenu hili hapa

Tangu Jumamosi simu yangu haijatulia, watu wanauliza mpira wangu unanyookaje nikipiga kwa draiva, ile fimbo ndefu ya gofu ya kupigia mkwaju wa kwanza wa shimo. Kwa ambao hamkuwepo, kwenye mashindano ya mwisho wa mwezi kulikuwa na zawadi ya mkwaju ulionyooka kuliko yote, wanavuta kamba nyeupe katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi kutoka unapoanzia mpaka kwenye shimo, ukipiga mpira wako ukatua karibu na kamba unachomeka kibendera chenye jina lako, anayekuja nyuma akikupita anakihamishia kwake. Mimi nilikuwa kundi la asubuhi, mpira wangu ukalala umegusa kamba yenyewe, na kile kibendera hakuna aliyekigusa mpaka jua linazama. Nimefurahi jamani, sitaficha, nimefurahi kuliko hata siku niliyoshuka handikapu (mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) kuwa na tarakimu moja.

Sasa meseji ni zilezile, kaka nipe siri, kaka unatumia draiva gani, kaka umefundishwa na nani. Ila kuna moja ya dada mmoja imenikaa moyoni, anasema akiwa renji, uwanja wa mazoezi, anapiga mipira imenyooka mpaka watu wanasimama kuangalia, akifika tii ya kwanza, pale pa kuanzia shimo, siku ya mashindano mpira unakwenda kulia kwenye miti, wa pili kulia tena, na amefikia mahali anataka kuuza begi zima aachane na gofu. Dada yangu usiuze. Haya yote naandika kwa ajili yako, wengine mtasomea humo humo.

Wengi mnanijua kwa hizi makala lakini hamjui nilikotokea. Mimi nilikuwa kedi, mbeba mabegi ya wachezaji. Nimekulia Arusha, shule ikikatika kwa ada naenda kubeba mabegi, na kazi waliyokuwa wananipa sana kwa sababu nilikuwa mdogo na macho makali ni ya kutangulia mbele kuangalia mpira unakoangukia. Yaani unasimama pembeni ya feawei, kwa mbali huko, unamwona mtu kwenye tii kadogo, unasikia mlio, unatafuta mpira angani. Ukifanya kazi hiyo miaka kadhaa unajua vitu ambavyo mwenye fimbo hajui. Cha kwanza, nilikuwa nasimama upande wa kulia siku zote, kwa sababu mipira ya watu wanaocheza mkono wa kulia wengi wao ilikuwa inakwenda kulia, na anayejaribu kuongeza nguvu ndiyo kabisa. Cha pili, nilikuwa najua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa, nikimwona mtu amesimama mabega yameangalia kushoto halafu vidole vimekaba fimbo mpaka vimekuwa vyeupe, nilikuwa naanza kutembea kuelekea vichakani mapema kabisa. Na wakati ule ukitafuta mpira ulikuwa na dakika 5, siku hizi tangu 2019 ni dakika 3 tu, kwa hiyo kedi wa leo anakimbia zaidi.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu makedi kucheza. Tulikuwa tunaokota tii zilizovunjika, vile vijiti vya kuwekea mpira, ile nusu iliyobaki ndiyo tunachezea, na fimbo tunaazimana wanne. Kwenye seti yetu hakukuwa na draiva nzuri, tulikuwa na mbao namba 3 moja, fimbo yenye kichwa kidogo kuliko cha draiva, imekwanguka rangi, nikajifunzia hiyo. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ile ilikuwa bahati, nitaeleza.

Sasa kuna jambo sijawahi kuliandika. Miaka hiyo kuna klabu moja ilikuwa inachagua timu ya kwenda kucheza mkoa mwingine, tukashindanishwa, skoo yangu ikawa nzuri kuliko ya wawili kati ya waliochukuliwa, na karatasi zilikuwa zimebandikwa ukutani kila mtu anaona. Mzee mmoja wa kamati akaniambia mbele ya watu, wewe kijana mpira wako mfupi, huko tunakwenda na watu wanaopiga. Wanaopiga! Mmoja wa hao wanaopiga siku ile nilimwona anarudi kwenye tii mara tatu kwa sababu mpira umetoka nje ya mpaka. Nilirudi nyumbani kwa miguu nimebeba kadi yangu ya skoo, na kwa muda mrefu sikukanyaga uwanjani. Nilikuwa na hasira ambayo hata mama aliiona akaacha kuniuliza. Naandika leo ni mtu mzima na watoto, lakini nikisikia mtu anamwambia mwenzake "mpira wako mfupi" bado naumia.

Kilichonirudisha ni jarida la zamani lililosahaulika kwenye begi la mwanachama mmoja, akaniambia kaa nalo. Humo ndani kulikuwa na habari ya Calvin Peete, Mmarekani mweusi, ambaye aliishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima wa miaka 20 na kitu, kabla ya hapo alikuwa anauza bidhaa kwa vibarua wa mashambani. Utotoni alivunjika kiwiko cha mkono wa kushoto kikaunga vibaya, mkono haunyooki. Na nyinyi mnajua tunavyoambiwa, nyoosha mkono wa kushoto, nyoosha mkono wa kushoto. Basi huyo ambaye mkono haunyooki akaongoza PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, kwa kupatia feawei miaka 10 mfululizo, kuanzia 1981 mpaka 1990, akashinda mashindano 12 ikiwemo Players Championship ya 1985. Hakuwa mpiga mbali. Alikuwa anauweka mpira pale unapotakiwa, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Nililisoma jarida lile mpaka kurasa zikaachana.

Haya, tuje kwenye shida yako dada. Mpira unapoondoka unaanza kuelekea kule ambako uso wa fimbo unaangalia pale inapogusana na mpira. Zamani tuliambiwa mpira unafuata njia ya fimbo, rada za siku hizi zimepima zikaonyesha kwa draiva uso ndio unaamua kwa asilimia kama 80 mpira uanzie wapi, halafu tofauti kati ya uso na njia ndiyo inaupinda. Kwa hiyo uso ukiwa wazi unaangalia kulia, na fimbo inakuja kutoka nje kuingia ndani, yaani kutoka mbali na mwili wako kuja upande wako, mpira utakatika kulia tu, hata uombe. Na kinachoongoza uso ni mikono yako ilivyoshika. Ndiyo maana mimi mtu akiniletea shida ya draiva siangalii kiuno wala magoti, namwambia nipe glavu yako niione.

Glavu inasema ukweli. Juzi kijana mmoja kanipa yake, ni mpya haina hata miezi miwili, lakini pale chini ya kiganja upande wa kidole kidogo ngozi imechanika, tundu la kupitisha kidole. Hiyo maana yake fimbo inamteleza, kila akipiga mkono unaachia kidogo kule juu halafu anakaba upya njiani, na akikaba upya uso hauwezi kurudi ulivyokuwa. Shika kwa vidole, usiizike kwenye kiganja, ukiangalia chini uone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja, uso utafunguka. Na nguvu ya kushika iwe kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara, hatoki lakini halii. Nguvu hiyo hiyo kuanzia unaposimama mpaka mpira unaondoka. Hili la kushika nitalirudia na nitalirudia, kwa sababu nimewaona watu wananunua masomo, wananunua viatu, wananunua saa ya kupima umbali, kushika hawajui.

Ukishamaliza hilo, jua unagusia wapi. Chukua kalamu ya maka ya kuandikia ubao mweupe, weka nukta nene nyuma ya mpira, upange nukta iangalie uso wa fimbo, piga, kisha geuza draiva uone nukta imejichapa wapi. Ikiwa kule karibu na shingo ya fimbo mpira utazidi kupinda kulia, ikiwa kule nchani utavutwa kushoto. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67 tu, na ile sehemu nzuri ya draiva ni ndogo kuliko unavyodhani ingawa kichwa ni kikubwa. Nilimfanyisha hivyo kijana wa glavu, nukta zote zilikuwa shingoni, tukamrudisha nyuma upana wa vidole viwili, basi. Hakubadilisha kingine chochote siku ile. Futa, rudia, mpaka nukta zianze kukaa mahali pamoja. Urefu wa tii nao usiubadilishe badilishe, nusu ya mpira ionekane juu ya draiva iliyolala chini, kila siku iwe hivyo, mimi nimeweka alama ya kalamu kwenye tii zangu zote.

Halafu lile la renji mzuri, mashindanoni mbaya. Dada, renji unapiga mpira wa thelathini kwenda uwanja mpana usio na mpaka, tii ya kwanza unapiga mmoja, watu wanakuangalia na kulia kuna ukuta. Ni mazoezi tofauti kabisa. Ukiwa renji chagua miti miwili au mabango mawili uyafanye goli, piga mmoja, weka draiva kwenye begi, toa ayoni, fimbo ya chuma ya mikwaju mifupi zaidi, piga mmoja, rudi kwenye draiva. Kabla ya kila mpira simama nyuma yake, tafuta jani au kijiti kilichopo hatua moja mbele kwenye mstari wa unakotaka kwenda, panga uso wa fimbo kwa hicho kijiti kwanza, miguu ifuate. Watu wengi wanapanga miguu kwanza. Miguu inadanganya, na zile alama za tii zinadanganya zaidi, mara nyingi zimewekwa zinaangalia rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, na wewe unajipanga nazo bila kujua.

Na eneo la tii litumie lote! Linarudi nyuma ya alama mpaka urefu wa fimbo mbili, mpira ndio lazima uwe ndani, miguu yako inaweza kuwa nje. Mpira wako unapinda kulia? Nenda pembe ya kulia kabisa ya tii, lenga kushoto kwa feawei, uache upinde urudi katikati. Nimebeba mabegi ya watu waliocheza miaka mingi hawajawahi hata siku moja kuchomeka tii pembeni, wote katikati, katikati, halafu wanalaumu upepo. Wa pwani ndiyo mnahitaji zaidi, kusi ikianza kuvuma mpira unaopinda unapinda mara mbili. Nilipohamia Dar nilishangaa mpira uleule uliokuwa unaruka Arusha huku unachoka mapema, hewa ya chini ni nzito, basi watu wakaniambia ongeza nguvu. Sikuongeza.

Nguvu ndiyo ugonjwa wetu. Vijana, sikilizeni. Mkwaju wa tii kazi yake ni kukupa mpira wa pili unaochezeka, full stop. Ukitoa mpira nje ya mpaka kwenye par 4, shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne, unarudi pale pale kupiga wa tatu, kwa hiyo hata ukifanya kila kitu vizuri baada ya hapo unatoka na 6, wakati mwenzako aliyepiga mfupi wa katikati kachukua 4 zake anaandika kadi anasonga. Kwenye Stableford, mchezo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo, yeye ana mbili wewe huna, kama handikapu haijakuokoa. Kumbukeni hilo mnaposhangilia mita. Piga kwa kasi ambayo unaweza kusimama wima mwisho, tumbo linaangalia unakopiga, uzito wote mguu wa kushoto, na ubaki hivyo mpaka mpira utue. Ukiyumba ulizidisha. Mimi hiyo ndiyo sheria yangu na sijawahi kuivunja kwa sababu ya maneno ya mtu, hata wakicheka, na walicheka sana.

Shimo likiwa jembamba acha draiva ndani ya begi. Mbao namba 3 ina mwinamo mkubwa zaidi wa uso, na mwinamo ukiongezeka mpira unazungukia nyuma zaidi kuliko pembeni, unapinda kidogo. Ndiyo bahati niliyosema, tulijifunzia fimbo inayosamehe tukiwa tunalia hatuna draiva.

Na yule kaka aliyeniuliza kama anunue draiva mpya kwa zaidi ya milioni mbili kwa sababu ameiona kwa mchezaji wa kulipwa, kabla hujatoa hela geuza hiyo uliyonayo usome namba iliyoandikwa chini, ndiyo nyuzi za mwinamo wa uso. Ikiwa ni 9, na swingi yako, unavyozungusha fimbo, ni ya kawaida kama yetu, tafuta iliyoandikwa 10.5 au 12, hata iliyotumika, mafundi na makedi wanazo za bei nafuu. Ukishaipata mkabidhi mtu akukatie inchi moja ya mpini, ujaribu wiki chache, kisha niandikie nukta zimekaa wapi.