Maswali ya figo: mashine inatuma namba, nani anazisoma?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa familia zinazouguza mtu anayefanyiwa dayalisisi nyumbani, yaani kusafishwa damu figo zinaposhindwa, hasa ile ya kupitia tumboni: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mpira, hukaa, kisha hutolewa na uchafu. Nimeanza na zile ambazo kosa lake linaweza kugharimu uhai.

Baba anatumia mashine ya usiku inayopeleka taarifa kliniki kwa intaneti. Akizidiwa usiku, nesi ataarifiwa? (Columbus, Ohio)

Hapana, na naomba nyumba nzima ilijue hili. Mashine inaweka kumbukumbu ya usiku wote: maji yaliyoingia, yaliyotoka, muda yaliokaa tumboni, kengele zilizolia. Tiba ikiisha asubuhi, modemu inapeleka kumbukumbu hizo kliniki, na nesi anazisoma akishafika kazini. Mwisho wa wiki huenda hakuna anayezifungua kabisa. Faida yake ni kubwa, lakini iko kwingine. Nesi akiona siku tatu mfululizo maji yanatoka machache, anapiga simu kuuliza, na daktari anaweza kubadilisha mpangilio wa mashine akiwa huko huko kliniki. Zamani jambo hilo lingejulikana siku ya miadi ya mwezi, miguu ikiwa imeshavimba.

Lakini baba akihema kwa shida, kifua kikimbana au akipoteza fahamu, piga 911, namba ya dharura ya huko. Tumbo likiuma, homa ikipanda au maji yakitoka yana ukungu, piga namba ya dharura ya kliniki saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mashine haioni ukungu wala haijui homa.

Nikikatiza mashine ikiwa imebakiza muda wa saa mbili ili niwahi kazini, kliniki watajua? (hakutaja alipo)

Watajua. Waambie wewe kwanza, maana ratiba inaweza kupangwa upya ikafuata zamu zako.

Saa ya mkononi inayopima presha inatosha? (Nairobi)

Haitoshi. Tumia mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, upumzike dakika tano umekaa, ndipo upime. Mwenye fistula, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa mkononi kwa ajili ya dayalisisi ya damu, asipime mkono huo hata siku moja. Nimeliandika hili mara nyingi mno, na bado napokea picha za mkanda ukiwa umefungwa juu ya fistula.

Mama anabadilisha mifuko kwa mkono mara nne kwa siku. Hatuna mashine. Ina maana tumekosa kufuatiliwa? (Tabata, Dar es Salaam)

Hamjakosa chochote cha lazima. Njia ya mkono ilibuniwa Austin, Texas, mwaka 1976. Haitaki umeme, na Hong Kong imekuwa ikianza na dayalisisi ya tumboni kwa wagonjwa wake tangu 1985.

Chukueni daftari. Kila asubuhi, tumbo likiwa limeshatolewa maji, mama apande mzani akiwa na nguo nyepesi zile zile. Andikeni uzito, presha, maji yaliyoingia na yaliyotoka kwa kila mfuko, na rangi yake. Uzito ukipanda kilo moja kwa usiku mmoja, hayo ni maji, karibu lita nzima, hajanenepa. Piga picha ukurasa, mtumie nesi kwa siku mlizokubaliana.

Mfuko uliojaa maji yaliyotoka uwekeni juu ya gazeti. Maandishi ya gazeti yasiposomeka vizuri kupitia mfuko, maji yana ukungu: msimpe mama amoksilini ya dukani. Chukueni mfuko wenyewe, mwende nao hospitali siku hiyo hiyo, ili maji yapimwe kabla dawa haijaanza. Maambukizi ya utando wa tumbo yakicheleweshwa, mama anaweza kupoteza mpira wake, au maisha.

Na hapa niwaambie wakuu wa hospitali: kabla ya kununua mifumo ya bei kubwa, nunueni simu moja na mpange nesi wa zamu wa kuishika, mwenye muda wa kuzijibu picha hizo. Nimeshaona kliniki yenye skrini nzuri ambayo hakuna aliyepangiwa kuitazama. Kinachotukwamisha ni kukosa mtu wa kusoma, na hilo halitibiwi na programu.

Kaka amebadilishiwa mfuko wa muda mrefu, sasa anatumia ikodekstrini, maji ya dayalisisi ya aina nyingine. Sukari imepanda ghafla. Ananitumia picha za kipimo, nimwongezee insulini? (Muscat)

Usiongeze hata yuniti moja! Ikodekstrini ikivunjika mwilini huacha maltosi, sukari ya aina nyingine, na baadhi ya vijiti vya kupimia, vya aina inayoitwa GDH-PQQ, huisoma maltosi kama sukari ya kawaida ya damu. Kipimo kinaweza kuonyesha sukari iko juu wakati mwilini imeshuka. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya vifo 13 vilivyohusishwa na vijiti hivyo. Ampigie nesi wake leo, amsomee jina la vijiti, na sukari ipimwe maabara. Akitokwa jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, msiamini kipimo: apewe sukari na apelekwe hospitali. Hata mfuko huo ukisitishwa, athari kwenye kipimo inaweza kubaki kwa wiki mbili.

Nyinyi mnaoongeza na kupunguza insulini za ndugu zenu kwa picha ya WhatsApp kutoka nchi nyingine, acheni.

Ndugu wanataka picha za vipimo vya mzee kwenye grupu la familia. (Mombasa)

Muulizeni mzee. Akikataa, basi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na taarifa za afya zimepewa ulinzi wa pekee.

Kuna mizizi inayoamsha figo... (wengi)

Hapana. Na diklofenaki za maumivu ya mgongo pia hapana, msimeze bila kumuuliza daktari. Mkojo mdogo uliobaki una thamani kubwa kwa mgonjwa wa dayalisisi, na vitu hivi viwili vinaweza kuumaliza.

Miadi yote ya mama inaweza kuwa ya video? (Houston)

Si yote. Tangu 2019 Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, inaruhusu miadi ya mwezi ya dayalisisi ya nyumbani ifanyike kwa video mgonjwa akiwa kwake, lakini miezi mitatu ya mwanzo aonwe ana kwa ana kila mwezi, kisha angalau mara moja kila miezi mitatu. Siku ya video, taa iwe ya kutosha na mama afunue pale mpira unapotokea tumboni, daktari aone kama kuna wekundu au usaha. Asipoomba kuona, mwonyesheni.