Jibu: Kitabu kinaweza kweli kubadilisha kijiji?

Mkuu umeuliza kama hadithi ya kutunga inaweza kubadilisha kijiji cha milimani kule Ulaya. Inaweza, tena sana. Chukua Maienfeld, mji mdogo wa mashamba ya mizabibu kwenye jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi. Johanna Spyri alitoa kitabu cha Heidi 1880 na sehemu ya pili 1881, mtoto yatima anayelelewa na babu yake mlimani, sasa huyo mtoto hajawahi kuishi popote lakini leo ukipanda pale juu Rofels, kitongoji cha Maienfeld, kuna nyumba ya zamani imepangwa kama yake, unakata tiketi, unaingia unaona jiko na vitanda vya mbao, nje kuna mbuzi watoto wanawashika. Halafu 1974 ikaja katuni ya Kijapani ya hadithi hiyo, hapo ndo watu wa mbali wakaanza kuijua kwa wingi. Ukanda mzima wa utalii siku hizi unaitwa Heidiland, hadi sehemu za jimbo jirani la St. Gallen zimo.

Hela inaingia na sioni ubaya, kijiji bila ajira vijana wanakihama. Ila kinachoniuma mimi ni historia inayofunikwa, maana enzi hizohizo familia maskini za milima ya Graubünden zilikuwa zinatuma watoto wao kwa miguu mpaka kusini mwa Ujerumani wakachunge ng'ombe wa wakulima wa huko. Wanaitwa Schwabenkinder, yaani watoto wa Swabia, jina la eneo hilo la Ujerumani. Wasome hao pia, walikuwepo kweli.