Kigari cha Kusukuma: Anzeni na Magurudumu, Misuli Baadaye

Mashindano ya vigari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, yalianza 1920. Dereva, mara nyingi msichana mwenye umbo dogo, hulala kifudifudi, kichwa mbele, ndani ya bodi nyembamba ya nyuzi za kaboni. Wasukumaji 5 hupokezana, kila mmoja na kilima chake, kwa takriban kilomita 1.35. Baada ya kilima cha pili hakuna anayesukuma: kigari huteremka chenyewe Schenley Drive, huweza kuzidi kilomita 50 kwa saa, kisha hukata kona kali ya kulia kuingia Frew Street.

Timu changa hukimbilia kusaka wenye mbio. Kagueni alaimenti kwanza, yaani kama magurudumu yanaelekea sawasawa. Dereva awe amelala ndani, maana bodi ikibeba uzito hunepa na vipimo hubadilika. Yale magurudumu mawili yaliyo sambamba, pimeni nafasi kati yao upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo kilekile kutoka sakafuni. Vipimo vikipishana hata milimita 2, magurudumu yanaburuzwa. Mtaona ukingo mmoja wa tairi umelika na vumbi la mpira limeganda hapo, ule wa pili bado unang'aa.

Poliuretani, ile plastiki inayonyumbuka ya magurudumu, ikipoa hula nguvu kila inapobonyea, na asubuhi za Aprili kule bado zina baridi. Magurudumu yafunikwe, yabaki na joto hadi dakika za mwisho. Beringi msizijaze grisi nzito. Tone la mafuta mepesi linatosha kwa mbio za dakika 2 na ushei. Kioo kinachopata ukungu kwa pumzi ya dereva, kipakeni sabuni ya vyombo kidogo, mkifute hadi kikauke.

Msukumaji wa kilima cha tatu ndiye mwenye mtihani. Akisubiri karibu mno na kona, kigari kinampita kama upepo. Akisubiri mbali mno, anakipokea kimeshakata pumzi. Mazoezini wekeni alama ya chaki pale kasi ya kigari inapolingana na miguu yake. Akishakamata fito ya kusukumia asukume mbele tu. Akiikandamiza, gurudumu la nyuma linalemewa.

Kwenye kona dereva amtazame mshika bendera anayempa ishara ya kukata kona, akate usukani mara moja, taratibu. Kusahihisha-sahihisha katikati ya kona ndiko kunakompeleka kwenye marobota ya nyasi kavu. Breki ijaribiwe kila kigari kinapotoka, hata kama jana ilishika.